Mkutubi Aingie Darasani

Fungua tasnifu ya shahada ya kwanza, ruka Sura ya Kwanza, nenda moja kwa moja mwisho wa Sura ya Pili, ile ya mapitio ya machapisho. Hapo ndipo mwanafunzi anapotaja pengo la utafiti, na mara nyingi pengo lenyewe huandikwa kwa sentensi ambayo kila msimamizi anaijua kwa moyo: hadi sasa hakuna utafiti uliofanyika kuhusu suala hili katika wilaya hii. Msimamizi akiuliza umetafuta wapi, jibu ni Google. Akiuliza umetafuta kwa maneno gani, mwanafunzi anataja kichwa cha utafiti wake, neno kwa neno.

Sentensi hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Anayesema hakuna utafiti anadai kwamba ametafuta akakosa, na nguvu ya dai lake inategemea alivyotafuta. Aliyetumia dakika kumi kwenye simu akiwa foleni ya chakula na aliyekaa wiki mbili akipitia hifadhidata tano wanaweza kuandika sentensi ileile, ila wa kwanza hana alichosema. Na juu ya sentensi hiyo ndipo panapojengwa kila kinachofuata: madodoso, sampuli, majedwali, mapendekezo kwa serikali.

Nani basi amemfundisha kutafuta? Katika vyuo vikuu vyetu vingi kazi hiyo haina mwenyewe. Mhadhiri anadhani ilishafanyika maktaba. Maktaba inadhani mhadhiri ataifanya darasani. Mtu aliyesomea kuifanya, yaani mkutubi, yupo chuoni hapohapo, ana shahada ya uzamili na pengine ya uzamivu, na anakaa nyuma ya dawati akisubiri kuulizwa. Ninachodai ni kwamba akipewa saa zake ndani ya kozi, na kazi anayofundisha ikapewa alama, Sura ya Pili zitaanza kubadilika. Ziara ya wiki ya kwanza haiwezi kuleta hilo hata ikiboreshwa vipi.

Iangalie ziara yenyewe. Wanafunzi wapya, mamia kwa pamoja, wanapelekwa maktaba. Wanaelezwa saa za kufungua, idadi ya vitabu vya kuazima, faini ya kuchelewesha, mahali pa kuacha begi. Wengi wao siku hiyo hawajapata chumba, hawajamaliza usajili, hawajui bumu, yaani fedha ya mkopo, litaingia lini. Hakuna hata mmoja mwenye swali la kitaaluma kichwani, na mtu asiye na swali hawezi kujifunza kutafuta jibu. Mkutubi anaweza kuwa mwalimu hodari kuliko wote chuoni, lakini siku hiyo anaongea na watu ambao masikio yao yako ofisi ya mikopo.

Baada ya hapo kuna kozi ya stadi za mawasiliano, ambayo katika mada zake nyingi huwa na kipengele kifupi cha maktaba na namna ya kuandika marejeo. Kisha inakuja miaka miwili ya madesa. Mwanafunzi ananunua nakala za mihadhara pale stesheneri, anabukua, anajibu mtihani, anafaulu. Mfumo haujawahi kumlazimisha atafute kitu ambacho mwalimu hakumpa mkononi. Halafu, mwaka wa mwisho, anaambiwa aandike pendekezo la utafiti.

Wapo watakaosema somo la Mbinu za Utafiti linatosha. Nalitambua somo hilo na umuhimu wake. Lakini tazama muhtasari wake katika vyuo vingi: aina za utafiti, usampulishaji, dodoso na usaili, uchambuzi wa takwimu, maadili. Hayo yote ni ya Sura ya Tatu, ile ya mbinu. Mapitio ya machapisho hupewa mhadhara mmoja unaoeleza kwa nini ni muhimu, jinsi ya kuyapanga kimaudhui, na onyo kuhusu wizi wa kitaaluma. Namna ya kuyapata hayo machapisho hudhaniwa kwamba mwanafunzi anaijua, kwa kuwa kijana wa siku hizi anajua intaneti. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha tatizo. Kujua kutumia simu na kujua kutafuta maarifa ya kitaaluma ni mambo mawili ambayo hayana undugu wa karibu.

Tena kumsubiri mwanafunzi aje kuuliza ni kumsubiri asiyekuja. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Constance Mellon, alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya kwa miaka miwili katika chuo kikuu kimoja cha kusini mwa nchi hiyo, akitumia maandishi ya wanafunzi 6,000 walioeleza hisia zao walipoanza kufanya utafiti maktaba. Katika kila darasa, kati ya asilimia 75 na 85 walieleza hisia zao za kwanza kama hofu. Walijiona wao peke yao ndio hawajui, wakaona aibu, na wakaamini kwamba wakiuliza aibu hiyo itajulikana. Zaidi ya miaka 20 baadaye, kundi la vyuo vya jimbo la Illinois liliwatumia wanaanthropolojia kuchunguza jinsi wanafunzi wanavyofanya utafiti hasa, na mojawapo ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba wanafunzi kwa nadra sana walimwendea mkutubi wakikwama, hata pale walipokuwa na shida kubwa. Wengi hawakujua kuwa hiyo ni kazi yake.

Kama ni hivyo kule ambako mtoto hukulia karibu na maktaba ya shule na ya mtaa, itakuwaje kwa mwanafunzi wetu ambaye huenda maktaba ya chuo ndiyo ya kwanza kuingia maishani mwake? Amekulia kwenye adabu inayomtaka asimsumbue mkubwa aliye kazini. Anapomwona mama wa makamo amekaa nyuma ya kompyuta, anampa shikamoo na kupita. Hajui kwamba mama huyo angeweza kumwokolea mwezi mzima.

Nieleze anavyomwokolea, maana hapa ndipo watu wengi, wahadhiri wakiwemo, hawajui kinachofanyika. Tuseme mwanafunzi wa lishe anataka kuandika kuhusu sumukuvu kwenye mahindi mkoani Dodoma. Ameandika kichwa chake chote kwenye kisanduku cha kutafutia, maneno kumi na sita kwa Kiingereza, na amepata ama vitu visivyohusika au tasnifu mbili zinazofanana na ya kwake. Anamfikia mkutubi akiwa ameshakata tamaa.

Mkutubi mzuri hagusi kibodi kwanza. Anamuuliza: unataka kujua nini hasa? Wakulima wanafahamu nini kuhusu sumu hiyo? Mahindi yanahifadhiwaje baada ya mavuno? Au watoto wanaokula uji wake wanadumaa? Ni maswali matatu, na kila moja linaishi katika taaluma yake: la kwanza liko kwa watu wa ugani, la pili kwa wataalamu wa kilimo na chakula, la tatu kwa watu wa afya. Mwanafunzi anafikiri, anachagua la uhifadhi. Hapo tayari kazi imepungua kwa theluthi mbili, na kompyuta bado haijaguswa.

Kisha inachukuliwa karatasi na kuchorwa safu. Safu ya kwanza ni sumu. Sisi tunaiita sumukuvu, lakini wanasayansi wanaandika "aflatoxin", wengine wanaiweka ndani ya kundi kubwa la "mycotoxin", na wengine wanataja kuvu yenyewe, Aspergillus flavus. Yote yanaandikwa. Safu ya pili ni zao: "maize", na chini yake "corn", kwa sababu Mmarekani akiandika kuhusu mahindi mara nyingi hatumii neno la kwanza. Safu ya tatu ni uhifadhi, yenye maneno ya maghala, mifuko, ukaushaji. Safu ya nne ni mahali, na hapa mkutubi anamzuia mwanafunzi asiandike Dodoma peke yake. Makala iliyofanyika Chemba au Kongwa huenda haina neno Dodoma kwenye kichwa, na makala ya Afrika Mashariki nzima inaweza kuwa na sehemu inayomhusu.

Maneno ya safu moja yanaunganishwa kwa OR, yaani "au", safu na safu zinaunganishwa kwa AND, yaani "na". Ni mantiki iliyopewa jina la George Boole, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19, na bado ndiyo inayoendesha karibu kila hifadhidata ya kitaaluma. OR inapanua, AND inabana. Wanafunzi wengi hudhani kinyume, kwamba ukiongeza "au" umepunguza. Kisha kuna kinyota: ukiandika "aflatox" na kinyota mwishoni, hifadhidata inakuletea jina la sumu, wingi wake, na jina la ugonjwa unaosababishwa nayo, kwa mpigo mmoja. Robo saa imepita. Kwenye kioo kuna orodha inayosomeka.

Kazi haijaisha. Katika orodha hiyo kuna makala ya mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2016 katika mikoa ya kati ya Tanzania. Mkutubi anamwonyesha kwamba makala moja nzuri ni mlango wa nyingine. Ukifuata marejeo yake kwa kurudi nyuma unafika mashariki mwa Kenya mwaka 2004, ambako watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ukizidi kurudi unafika Uingereza mwaka 1960, wakati bata mzinga wapatao 100,000 walipokufa kwa maradhi yasiyojulikana, hadi ikagundulika kuwa chakula chao kilikuwa na mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Ukibonyeza kiungo cha "imetajwa na" unakwenda mbele, kwa wote walioitumia makala hiyo baada ya kuchapishwa. Mwanafunzi aliyekuja na kichwa cha maneno kumi na sita sasa anaona kwamba anaingia katika mazungumzo yaliyoanza zaidi ya miaka 60 iliyopita. Anaweza kuona ni nani alisema nini, nani alimpinga, na wapi wamenyamaza. Pengo la utafiti huonekana hivyo.

Mwisho anafundishwa kuweka kumbukumbu: tarehe, hifadhidata, maneno aliyotumia, idadi ya matokeo, aliyoyabakiza na sababu. Daftari hilo dogo ndilo linalotofautisha dai na uvumi. Watu wa tiba walilitambua zamani. Mwongozo wa PRISMA, unaofuatwa na majarida mengi yanayochapisha mapitio ya kimfumo, yaani yale yanayokusanya na kupima tafiti zote za swali moja, unamtaka mwandishi aeleze alitafuta wapi na kwa maneno gani, kiasi kwamba mtu mwingine aweze kurudia. Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipoweka viwango vya mapitio ya aina hiyo, iliagiza watafiti wafanye kazi na mkutubi au mtaalamu mwingine wa taarifa aliyefunzwa kazi hiyo. Katika taaluma ambayo kosa huua, mkutubi alishahesabiwa kuwa sehemu ya timu ya utafiti.

Wazo la kumwingiza ndani ya kozi nalo lina umri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Patricia Knapp aliendesha jaribio katika Chuo cha Monteith, sehemu ya Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit, la kupanga kazi za maktaba ndani ya masomo yenyewe kwa hatua, mwaka hadi mwaka. Katika miaka hiyohiyo Evan Farber alianza kazi katika Chuo cha Earlham, Indiana, akaendelea hadi mwaka 1994, na akajulikana kwa utaratibu mmoja rahisi: mkutubi haendi darasani mpaka mwalimu awe ametoa kazi inayohitaji kutafuta. Kwanza swali, kisha somo. Sijaona sababu yoyote ya utaratibu huo kushindikana Mlimani, Morogoro, Eldoret au Makerere. Hauhitaji jengo wala mfadhili. Unahitaji watu wawili, mhadhiri na mkutubi, wakae pamoja kabla muhula haujaanza.

Majengo tunayo, na tushukuru. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, ilielezwa kuwa na uwezo wa kuhifadhi vitabu 800,000 na kuketisha watu 2,100 kwa wakati mmoja. Ni fahari ya nchi. Kuhusu majarida pia hatuko mikono mitupu kama tunavyopenda kusema. Tangu mwaka 2002, mpango ulioanza na Hinari chini ya Shirika la Afya Duniani, na ambao leo unaitwa Research4Life, umekuwa ukizipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kisayansi bure au kwa bei ndogo. Kilimo kilifuata mwaka 2003 kupitia AGORA. Maktaba za vyuo vikuu Tanzania na Kenya zimeungana katika vyama vya kununua majarida kwa pamoja. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, inabeba majarida ya bara hili ambayo hifadhidata kubwa za Ulaya huyapuuza. Mambo hayo yote yapo, yamelipiwa au yametolewa bure, na mwanafunzi anakwama kwenye ukurasa unaomtaka alipe dola 40 kwa makala moja, asijue kwamba chuo chake kina nywila ya kuifungua. Hili linauma.

Lakini upande ninaoujali zaidi ni ule ambao intaneti haina. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini mwa Tanzania kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, katika mradi ulioongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, umri uleule wa hawa wa leo. Ripoti zao, zenye sauti za watu ambao wote sasa ni marehemu, bado zinanukuliwa na wanahistoria duniani kote. Mwanafunzi wa leo anayeandika kuhusu Majimaji kwa kutegemea ukurasa wa kwanza wa Google anaweza kumaliza tasnifu yake bila kujua kuwa waliomtangulia kwenye viti vilevile waliacha kazi hiyo, na kwamba mahali pa kwanza pa kuiulizia ni mkusanyiko wa East Africana, ndani ya chuo chenyewe. Wanaojua njia ya kufika huko ni wakutubi. Ni hivyo pia kwa tasnifu za zamani, magazeti ya miaka ya 1970, ripoti za wizara zilizochapwa nakala mia mbili, na makala za Kiswahili za taaluma ambazo hazijawahi kuwekwa mtandaoni. Tukizalisha watafiti wanaojua kutafuta kwenye kioo tu, tunazalisha watafiti ambao nchi yao wenyewe hawaioni, kwa sababu sehemu kubwa ya kumbukumbu zake bado iko kwenye karatasi.

Sasa ameingia mgeni mwingine. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, orodha za marejeo zimeanza kuja zimenyooka mno: majina ya waandishi yanayofahamika, mwaka, jarida la kweli, kurasa. Ukiitafuta makala, haipo. Akili mnemba ya namna hii hutunga sentensi inayofanana na ukweli, na marejeo kwake ni sentensi kama nyingine. Wanasheria wawili wa New York walijifunza hilo hadharani mwaka 2023 katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, walipowasilisha mahakamani hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Vyuo vyetu vimelipokea tatizo hili kwa njia ya polisi, yaani kununua programu za kugundua maandishi ya mashine na kutishia kufuta matokeo. Mkutubi ana njia bora na ya bei rahisi. Chukua namba ya utambulisho ya makala, ile iitwayo DOI, uiweke mtandaoni uone inafungua nini. Weka kichwa cha makala ndani ya alama za kunukuu. Fungua toleo lenyewe la jarida, hesabu kurasa. Mwanafunzi aliyefanya hivyo kwa marejeo matano na akakuta matatu ni hewa hahitaji kutishwa tena. Ameona kwa macho yake.

Ujuzi huohuo ndio unaomkinga mwanafunzi wa uzamili dhidi ya majarida ya kitapeli. Baada ya miezi ya kuhangaika, anapokea barua pepe inayomsifu na kumwahidi kuchapisha makala yake ndani ya siku tano kwa ada ya dola mia moja hivi. Tovuti inavutia, ina jina lenye neno "kimataifa", ina wahariri kutoka mabara matano. Aliyetufungua macho kuhusu biashara hii, Jeffrey Beall, alikuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver. Orodha yake ya wachapishaji wa kutiliwa shaka ilitumika duniani kote hadi alipoiondoa mwanzoni mwa mwaka 2017. Orodha za namna hiyo zina kasoro zake, na nyingine zimewaonea wachapishaji wadogo wa Afrika ambao kosa lao ni umaskini wa tovuti tu. Kinachobaki ni mbinu. Watafiti wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwalinganisha wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa Stanford, na wahakiki wa habari kutoka vyombo vya habari, wakawapa tovuti wazitathmini. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya tovuti, wakasoma kwa makini, wakadanganywa na nembo na mwonekano. Wahakiki waliondoka mara moja, wakafungua kurasa nyingine kuuliza wengine wanasema nini kuhusu tovuti ile. Kwa hiyo hata msomi wa ngazi ya juu kabisa anaweza kuwa hana ustadi huu. Kuwa daktari wa falsafa hakumfanyi mtu kuwa mtafutaji.

Hapo nagusa jambo ambalo wahadhiri hawapendi kulisikia. Sehemu ya ugumu wa kumkaribisha mkutubi darasani ni heshima. Mhadhiri anaona kumwita mkutubi kufundisha wanafunzi wake ni kukiri kwamba kuna kitu hakijui. Na kusema kweli, kipo: hifadhidata zimebadilika mara kadhaa tangu alipoandika tasnifu yake. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Daktari wa upasuaji haoni aibu kumwachia mtaalamu wa usingizi kazi yake.

Wakutubi nao wana lao. Semina nyingi za maktaba nilizohudhuria zina ugonjwa mmoja: ni orodha ya majina. Mtoa mada anafungua hifadhidata ya kwanza, anaonyesha kitufe hiki na kile, anafunga, anafungua ya pili, hadi ya kumi na mbili. Washiriki wanatoka na vyeti na kichwa kizito. Jumuiya ya maktaba za vyuo Marekani iliacha mwelekeo wa namna hiyo mwaka 2015, ilipokuja na mfumo mpya ulioweka mbele dhana kuliko vitufe: kwamba taaluma ni mazungumzo, kwamba mamlaka ya chanzo hutegemea muktadha, kwamba kutafuta ni uchunguzi wa kimkakati ambao unarudi nyuma na kuanza tena. Mkutubi wetu anayetaka kiti darasani lazima ajiandae kufundisha hivyo. Azijue taaluma anazozihudumia, asome silabasi, aje na mfano wa sumukuvu kwa watu wa lishe na mfano wa Majimaji kwa watu wa historia. Mafunzo ya ualimu kwa wakutubi bado ni haba katika shule zetu za ukutubi, ingawa kanda hii imekuwa ikiwafunza tangu mwaka 1963, Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa Makerere. Hilo ni pengo la kuzibwa huko huko wanakofunzwa.

Idadi pia ni kikwazo cha kweli. Mkutubi mmoja hawezi kukaa na wanafunzi elfu mbili mmoja mmoja. Ndiyo maana nasisitiza kozi. Saa mbili katika wiki ya nne ya Mbinu za Utafiti, wanafunzi wakiwa tayari na mada, kila kundi na karatasi yake ya safu. Kisha saa nyingine wiki ya nane, wakirudi na kumbukumbu za utafutaji zenye maswali. Kumbukumbu hizo zisahihishwe na mkutubi na zipewe alama kumi kati ya mia. Mwanafunzi wetu ni mtu wa mahesabu: kisicho na alama hakifanyi, na simlaumu, maana ndivyo tulivyomlea. Kwa madarasa makubwa sana, wafunzwe kwanza wahadhiri wasaidizi wanaoendesha semina, nao wawafundishe wanafunzi wao. Na pale idara inapoketi kupitisha mapendekezo ya utafiti, mkutubi wa taaluma hiyo awe mjumbe wa jopo mwenye haki ya kurudisha pendekezo ambalo halikutafutiwa.

Utumishi hauzuii lolote kati ya hayo. Katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania wakutubi wa kitaaluma wana ngazi zao, zinazolingana na za wahadhiri, na wanapandishwa kwa machapisho kama wao. Kinachokosekana ni saa za kufundisha kuhesabiwa. Mhadhiri akifundisha saa tatu kwa wiki, saa hizo zinaandikwa kwenye mzigo wake wa kazi na zinapimwa mwisho wa mwaka. Mkutubi akitumia mchana mzima kumtoa mwanafunzi mmoja kwenye shimo, mchana huo hauandikwi popote, na kesho yake anaulizwa kwa nini vitabu vipya havijaorodheshwa. Manaibu makamu wakuu wa vyuo wanaoshughulikia taaluma wanaweza kulirekebisha hilo kwa waraka wa kurasa mbili, kabla ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa.